Vidonge Vyeupe vya Asani

Kasongo, tarehe 14 mwezi wa nne 2024

Wifi yangu Waridi,

Salamu alekum, wewe na kaka yako Iliasi na watu wote wa kiwanja chenu huko Wamaza. Sisi wa Kasongo tuko wazima. Tumefunga, tumefungua, Idi imepita. Watoto walikuja kusalimia tangu asubuhi, nikawapa mikate ya mafuta mpaka ikaisha, wa mwisho wakapata bombo tu, pipi za duka. Yaya Safia, dada yetu mukubwa, magoti yanamusumbua, lakini mudomo haumusumbui hata kidogo, wewe unamujua. Duka langu la vikwembe na vitenge linatembea pole pole. Mvua imekula pembe moja ya nyumba ya kaka Asani, ile ya upande wa jiko. Nimeweka mabati ya zamani.

Nakuandikia sababu kwenu hakuna rezo ya simu. Siku ile ulipopanda kilimani ukaniita, tulipiga kelele kama watu wanaofukuza mbuzi shambani, na kijiji kizima kikasikiliza. Mambo mengine hayasemwi hivyo. Baraka anapeleka mizigo upande huo na pikipiki yake, atakuletea barua hii na sabuni na chumvi. Chumvi nimekuwekea nyingi, najua mukono wako.

Idi hii nilikukumbuka sana. Nilikumbuka zile Idi za zamani, watoto wa watu wakijaa kwenu na nguo mupya, wewe unawapa mikate, unacheka nao, halafu unapotea. Nakukuta nyuma ya jiko unalia, sababu wa kwako hakuna. Na kaka yangu amefika mbele yangu, amechuchumaa pale kwenye majivu na kanzu yake nyeupe ya Idi, anakupanguza uso na ukosi wa kanzu. Nilimuambia siku moja, Asani, utaharibu kanzu. Akasema kanzu inafuliwa.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Tangu kaka alipotutoka mwaka jana, mimi na wewe hatujakaa kuzungumza. Ulimaliza eda yako, ukafunga mizigo, ukaondoka nikiwa sokoni. Hukuniaga. Mwezi wa kumi tutasoma hitima yake ya mwaka, na yaya Safia amesema mbele ya wamama wote kwamba mukeka wa mujane, ule anaokalia kwenye hitima, usitandikwe kwa ajili yako. Anasema ulikaa matanga yote na macho makavu, kama mutu aliyekuja kusubiri chakula. Anasema nyumba ile sasa ni ya ukoo, na wewe ubaki huko huko kwenu.

Ningemujibu nini, Waridi? Mimi nilikuwa nimekaa karibu yako. Nililia, nikakugeukia tulie pamoja, nikakuta uso wako hauna hata tone. Imeniuma mpaka leo. Kwa hiyo nakuuliza mimi, si yaya Safia: ulimupenda kaka yangu?

Nijibu ukweli. Mimi ni wifi yako.

Nuru


Wamaza, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Wifi Nuru,

Barua yako nimeipata, na sabuni, na chumvi. Asante. Usikasirike nimechelewa. Mvua za mwisho zilichukua lile daraja la miti, na pikipiki hazikupita tena. Sasa zinasimama ng'ambo, vijana wanavua viatu wanavusha mizigo kichwani, kukiwa na maji mengi wanarudi nayo. Baraka amefika leo amelowa mpaka kiunoni. Amesema akirudi kutoka kijiji cha mbele akute jibu tayari, kwa hiyo naandika.

Sisi tuko wazima. Kaka Iliasi amevuna karanga, si mbaya. Watoto wake wananicheka, wanasema Kibangubangu changu kimekaa sana kwenye muji. Nimewaambia hata Kiswahili changu huko Kasongo walikicheka, kwa hiyo nimezoea.

Salimia yaya Safia. Muambie apake magoti mafuta ya mawese na chumvi, yenye joto. Ile pembe ya jiko, usiweke mabati tu, maji yatapita chini. Asani alikuwa anajaza mawe madogo pale kila mwaka kabla ya mvua. Mawe yako nyuma ya choo, amefunika na gunia.

Una haki kunikumbusha Idi. Mimi nakumbuka vitu vidogo zaidi. Akitoka sokoni jioni alikuwa anakohoa mara moja pale kwenye uzio, ili nijue ni yeye. Ndani ya mufuko wa shimizi, shati lake, kulikuwa na vidonge vyangu vya tumbo kutoka farmasi ya Ismaël, na bombo moja imefungwa pamoja, ili nisisikie uchungu wa dawa. Mwanamuke muzee mwenye mvi, analetewa bombo. Sikumuambia kwamba siku za mwisho bombo inakaa tu mudomoni kama jiwe, haiyeyuki. Nilikuwa nainywea maji kwa siri.

Nina ombi. Vile vidonge vyeupe, kwangu imebaki karatasi moja. Naviweka akiba, namega nusu nusu. Pita kwa Ismaël, muambie vile vya mama Waridi, anavijua. Tumbo linajaa na kukaza, siku nyingine siendi chooni juma zima. Pia juzi nilianguka nikiinuka kutoka kwenye sijida. Macho yalijaa giza, nikaamka nimelala juu ya mukeka, bibi wa kaka Iliasi ananipepea. Si kitu. Niko namaliza swala nikiwa nimekaa.

Juu ya lile uliloniuliza, sina jibu.

Wako,
Waridi


Kasongo, tarehe 7 mwezi wa saba 2024

Waridi,

Salamu kwa wote, sisi tuko wazima, karanga ulizotuma tumekaanga, zimeisha. Nimemaliza salamu. Sasa unisikie.

Mutu anaanguka kwenye sijida, halafu anaandika si kitu? Ungekuwa hapa ningekuvuta sikio. Na umeniacha na swali langu mukononi kama mutu aliyeombwa maji akaenda zake. Nimelisoma lile neno, sina jibu, mpaka karatasi imechafuka. Nimekasirika, halafu nimeogopa, halafu nimekasirika tena.

Nilikwenda kwa Ismaël kuchukua vidonge. Alikuwa anavifunga kwenye karatasi, mimi nasimulia tu, kwamba unaanguka, huendi chooni, bombo haiyeyuki. Mukono wake ukasimama. Akafungua karatasi tena, akavirudisha kwenye kopo. Akasema, mama Nuru, hivi sikuuzii, kwanza umuone dokta. Nilimutukana kidogo. Halafu nikaenda lopitali kwa yule dokta Marguerite, mwanamuke mufupi mwenye sauti kama mwalimu. Alinikatiza mara nyingi. Akauliza, anatoka jasho? Nikataka kucheka. Nani asiyejua kwamba Waridi hatoki jasho?

Unakumbuka mwaka ule tulipotwanga sombe, majani ya muhogo, kwa arusi ya mutoto wa jirani yetu Amani? Sisi wote tumelowa, vikwembe vimeshika mugongo, wewe uko mukavu kama umetoka kuoga. Tukasema Waridi amebarikiwa. Wewe mwenyewe ulisema kichwa kinakuwaka. Kaka akaja na ndoo, akakumwagia maji mbele ya wakwe, tukacheka mpaka tukakaa chini. Nimemusimulia dokta kama kichekesho. Hakucheka. Alisema, mulete, na alete dawa zote anazomeza, hata majani.

Waridi, nimelala na neno hilo. Sijui dokta anafikiri nini. Lakini nimeanza kuogopa kwamba kuna kitu tulikuwa tunakitazama miaka yote, na sisi tunapiga makofi.

Baraka atakuchukua. Nimemuambia aendeshe pole pole na akufunge na kikwembe kwenye mugongo wake usianguke. Anaona haya, lakini amekubali. Utalala kwangu, si kule kwa kaka, ili yaya asipate la kusema. Usiniandikie kwamba utakuja ukimaliza shamba. Uje.

Nuru


Wamaza, tarehe 25 mwezi wa nane 2024

Wifi yangu Nuru,

Salamu kutoka kwa wote. Nimerudi salama. Baraka alinivusha mutoni mwenyewe mugongoni, akasema mimi mwepesi kuliko gunia la muchele. Kaka Iliasi anakushukuru kwa kikwembe. Mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Pale kwenu hatukuongea vizuri. Yaya Safia alikuwa anaingia na kutoka, na wewe unanilisha kama kuku wa Idi. Siku ya lopitali dokta alikutoa nje, ukakaa kwenye benchi na termosi yako, halafu njiani hukuniuliza kitu na mimi sikusema. Sasa nikueleze yote, sababu huku niko na utulivu.

Alinilaza akapima tansio, ule musukumo wa damu. Akanisimamisha, akapima tena, ikawa imeanguka mpaka nikashika meza. Akanipa mukate mukavu nitafune bila maji, nikatafuna mpaka taya likachoka na haukushuka. Halafu akaweka kakaratasi kadogo chini ya jicho, akasema tusubiri. Nikasubiri. Kakaratasi kakatoka kakavu kama kalivyoingia. Nuru, nilikatazama kale kakaratasi nikafikiria matanga.

Akaniambia hivi. Kuna mishipa tunayoiamuru, ya mukono na muguu. Kuna mingine haingoji amri yetu, inafanya kazi hata tukilala: ya mate, ya jasho, ya machozi, ya tumbo, na ile inayobana damu isishukie miguuni ukisimama. Hii ya pili ndiyo imechakaa kwangu. Habari inatembea ndani ya mushipa mpaka mwisho wake, lakini pale mwisho mushipa haugusani na kifuko cha machozi. Kuna nafasi katikati. Nikamuambia, ni kama kwetu daraja likienda, pikipiki inasimama, mutu anavuka na muzigo kichwani. Akasema ndiyo, mama, ni hivyo hivyo. Huyo mujumbe anayevuka wanamuita asetilikolini. Anafika, anagonga mulango, machozi yanatoka. Na nyuma yake kuna mwingine wa kufagia, anamuondoa haraka, ili mutu asishinde analia ao anatoka mate siku nzima. Kwangu wanaovuka wamekuwa wachache, na mufagiaji ana nguvu zake zote. Kabla hawajagonga vizuri, wamekwisha fagiwa.

Dawa yenyewe inaitwa piridostigmini, alisubiri itoke Bukavu. Haileti wajumbe wengine. Inamushika mufagiaji mukono tu, ili wale wachache wapate nafasi ya kugonga tena. Na ugonjwa hauondoki, alinieleza wazi. Chanzo hakijui, vipimo viko mbali sana. Nameza nusu asubuhi, nusu muchana, nusu jioni, na alisema nisijiongezee. Ikizidi, mate yanamwagika, tumbo linakata, moyo unakwenda pole pole kupita kiasi, mwili unalegea. Ikiwa hivyo niache, nirudi kwake mbio. Tena niinuke kwa hatua, nikae kwanza, nishushe miguu, ninywe maji. Na nile chumvi nyingi, sababu chumvi inashika maji mwilini. Muambie yaya Safia. Amelalamika sombe yangu tangu nilipoolewa, kumbe nilikuwa najitibu.

Mate yalirudi kwanza. Nilikula bukari na samaki wa kukausha, nikasikia samaki. Nikaita watu waonje, wakanishangaa, ni samaki yule yule. Halafu nikilima karanga za pili nikasikia kitu kinatembea mugongoni, nikafikiri ni mududu. Ilikuwa jasho. Nilikaa chini kwenye mututa nikacheka peke yangu.

Machozi pia yanatoka sasa. Nikila yanatoka, nikikata kitunguu yanatoka, hata nikikaa tu bila kuwaza kitu jicho linalowa. Lakini hayo siyaiti machozi. Ni maji ya dawa. Ninaposema jina la Asani, yanabaki pale pale yalipo. Uliniuliza swali nikakuandikia sina jibu. Nilikuwa nasema kweli. Matanga yale nilijitafuta ndani sikujiona. Mume wangu amelala pale kwenye sanda, wewe unalia, watu wote wanalia, mimi nawaka macho kama nimemwagiwa muchanga, na hakuna kinachotoka. Nikasema moyoni, labda wao wanaona vizuri. Labda miaka yote ilikuwa mazoea tu. Ndiyo maana niliondoka bila kukuaga. Nilikuonea haya, wewe zaidi ya wote.

Kuna neno moja zaidi, usimuambie mutu. Dokta alisema nimuonyeshe dawa zote, nikatoa vile vidonge vyeupe. Alivigeuza geuza mukononi. Akasema hivi vinalegeza tumbo sababu vinakwenda kukaa mulangoni. Mujumbe akifika anakuta mutu amekaa pale, hawezi kugonga. Mutu muzima anakauka mudomo kidogo tu. Mutu mwenye wajumbe wachache kama mimi, vinamufungia nyumba. Akasema tumbo lenyewe lilikuwa linakaza sababu ya ugonjwa, na vidonge vikaongeza, na mimi nikameza vingine. Nilimuuliza, na machozi? Akasema, na machozi.

Nuru, siku zote za matanga nilivimeza, viwili asubuhi na viwili jioni. Tumbo halikuuma hata. Vilikuwa kwenye mufuko wa shimizi aliyovua siku alipougua, na bombo yake. Nilikuwa nameza nikisikia kama bado ananiletea.

Dokta alisema nivitupe. Nilimuambia sawa.

Waridi


Kasongo, tarehe 22 mwezi wa tisa 2024

Waridi wangu,

Salamu kwa Iliasi na bibi wake na hao mapacha wa mbuzi. Sisi tuko wazima, jua ni kali, visima vimeshuka. Mawe ya kaka nimeyakuta nyuma ya choo kama ulivyosema, chini ya gunia. Nilijaza ile pembe mwenyewe. Alikuwa ameyachagua yote ya ukubwa mumoja, yule mutu.

Barua yako niliisoma dukani, nikafunga duka. Nikaenda nayo nyuma, nikaisoma tena. Na vile vidonge, hukuandika kama umevitupa. Nakujua.

Juu ya ugonjwa nimemueleza yaya Safia, habari za mishipa na mufagiaji, kadiri nilivyoelewa. Ya vidonge sikumuambia. Alisikiliza, halafu akasema, kwa hiyo sasa atakuja kwenye hitima kulia machozi ya farmasi? Nikamuambia, yaya, na wewe na miwani yako, unapotuona, unatuona na macho ya nani? Alikaa siku mbili bila kusema na mimi, nyumba ikawa na raha. Juzi nikamukuta kiwanjani ameutoa ule mukeka wa kaka, anaupiga vumbi na fimbo. Sikumuuliza ni wa nani.

Sasa kuna kitu nimekificha tangu ulipokuwa hapa. Siku uliyoondoka nilikwenda kwa Ismaël kumugombeza, nikitaka kujua miaka yote hiyo alikuwa anatuuzia nini. Alisema ni dawa ya kila siku, kila mutu anainunua, hakujua ugonjwa wako, na naamini. Halafu akaniambia habari ya kaka. Nilipima kama nikuandikie ao nikae nayo. Nilikaa nayo. Lakini tangu niliposoma ulivyojitafuta ukajikosa, naona kukaa nayo ni kukuibia.

Anasema kaka alikuwa akija jioni, anaegemea pale mbele, anasema nipe vya mama. Halafu haondoki, wewe unamujua, lazima aongee. Idi ile ya mwaka juzi, kesho yake, alikuja anacheka peke yake. Ismaël akamuuliza, muzee, umepata nini? Akasema, muke wangu hakulia jana. Watoto wamejaa nyumbani, mimi nikazunguka nyuma ya jiko nimupanguze kama kawaida yetu, nikakuta macho yake makavu. Mungu amemupa utulivu. Sasa ni miaka miwili sijaona machozi yake. Nimemutunza, Ismaël, hata kama sikumupa mutoto. Akanunua vidonge, akachagua bombo, akaenda.

Basi. Sijui nimekutendea mema ao mabaya. Nimelia nikiandika, utaona wino.

Hitima ni Ijumaa tarehe 18 ya mwezi wa kumi, baada ya swala. Uje, Waridi. Ukilia, ukikosa kulia, mimi nitakaa ubavuni mwako, na atakayekutazama nitamutazama. Na lile swali langu, nimeliondoa. Haikuwa haki yangu.

Wifi yako,
Nuru


Wamaza, tarehe 6 mwezi wa kumi 2024

Wifi yangu,

Wote wazima. Mvua imeanza, kidogo. Vijana wameweka miti mipya pale mutoni, pikipiki zinapita kama mutu hana muzigo mukubwa.

Baraka alinipa barua yako asubuhi, nimekaa mulangoni nangoja chai, bado sijameza kitu. Niliisoma mpaka pale nyuma ya jiko. Nikaiweka chini. Nikaichukua tena.

Nuru, nilikuwa nalia. Idi ile, na ile nyingine kabla yake, nilikuwa nalia pale kwenye majivu vile vile kama zamani, kifua kinapanda kinashuka, isipokuwa maji hayakuja. Nikamuona anazunguka jiko na ukosi wa kanzu tayari mukononi, amenitazama, uso wake wote ukafunguka. Sijawahi kumuona na furaha vile, hata siku ya ndoa. Ningemuambiaje? Nikamuambia twende ndani, watoto watamaliza mikate. Nilimuachia furaha yake, na nikaendelea kumuachia mpaka alipokufa. Ndiyo nilivyomupenda, kama bado unataka jibu. Hata kama umeliondoa swali, mimi najibu.

Halafu machozi yakaja. Chai ilichemka ikamwagika ikazima moto. Bibi wa kaka akatoka mbio akifikiri nimepokea habari ya kifo, nikamuambia ndiyo, mume wangu amekufa. Akasema, lakini mama, ni mwaka sasa. Nikasema ndiyo, lakini leo nimefika kwenye kilio. Mwanamuke muzuri, hakuuliza tena. Alikaa chini na mimi, tukalia wote wawili, na yeye Asani hakumujua hata vizuri.

Nilipanguza uso na nini? Shimizi yake. Nilikuwa nayo kwenye mufuko wa safari. Vidonge bado vimo mle mufukoni, karatasi ile ya mwisho, sijavitupa, umenijua. Lakini simezi tena, tangu lopitali. Nitakuja na shimizi uitazame, halafu mimi na wewe tutavitia chooni bila mutu mwingine.

Nimewaza sana neno la yaya, machozi ya farmasi. Muambie hivi, kwa upole, sababu magoti yanamuuma. Dokta alinieleza kwamba dawa haiandiki habari. Habari inatoka kwa mutu mwenyewe, ndani kabisa, na kama haikutumwa, hata umeze kopo zima hakuna kitakachovuka isipokuwa maji. Ya kwangu ilitumwa tangu siku ile alipolala kwenye sanda. Imechelewa njiani tu.

Nakuja Jumatano na Baraka. Siku ya hitima nitameza dawa yangu kwa saa zake, sababu nikiacha nitaanguka mbele ya mashehe, na hilo litakuwa aibu kubwa kuliko macho makavu. Nitainuka kwa hatua, unishike mukono wa kushoto. Mukeka uwekwe karibu na ile pembe ya jiko, niyaone mawe.

Pika sombe nyingi. Chumvi nitaitia mwenyewe.

Waridi